Kodi ya Motokaa Iliyotumika: Kwa Mia ya Nini?



Katika ukurasa huu wa Kiswahili tumezoea kusoma hadithi, mafumbo na habari za michezo. Leo naomba ruhusa nilete hesabu. Najua wako watakaotaka kugeuza ukurasa upesi. Nawasihi wangoje kidogo, kwa maana hesabu hii ilinichelewesha kurudi shuleni siku tisa, na ilimfanya mjomba wangu auze pikipiki yake.

Ilikuwa mwezi wa Agosti, mwaka 2024, wakati wa likizo ndefu. Mjomba wangu anakaa Biryogo, na kwa miaka mingi aliendesha taksi ya mtu mwingine hapa Kigali. Kila jioni alipeleka hesabu kwa mwenye gari, na yeye akabaki na kilichobaki. Nia yake ilikuwa siku moja awe na taksi yake mwenyewe. Aliweka akiba katika ikimina, yaani kile kikundi cha watu wanaochanga fedha pamoja, mpaka akapata fedha ya kununua motokaa moja iliyotumika kutoka Ubelgiji.

Labda utauliza, kwa nini Ubelgiji na si Japani, na hali magari ya Japani yamejaa Afrika Mashariki nzima? Sababu ni usukani. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha upande wa kushoto wa barabara, na Japani vivyo hivyo. Usukani wa magari yao uko kulia. Sisi Rwanda, kama Burundi na Kongo, twaendesha upande wa kuume, desturi iliyobaki tangu siku za Wabelgiji. Kwa hiyo Mjomba alitafuta gari lenye usukani wa kushoto, nalo lilipakiwa merikebuni katika bandari ya Antwerp, likashushwa Dar es Salaam, likapita nchi yote ya Tanzania mpaka daraja la Rusumo juu ya mto Kagera, likaingia kwetu.

Kabla ya kutuma fedha, Mjomba alimwuliza dalali mmoja kodi itakuwa kiasi gani. Yule dalali alijibu bila kalamu wala karatasi: “Ushuru wa forodha ni 25 kwa mia, ushuru wa bidhaa 10, kodi ya ongezeko la thamani 18. Jumlisha: ni 53 kwa mia ya bei yako.” Bei ya gari ilikuwa faranga 6,000,000. Mjomba akapiga 53 kwa mia, akapata faranga 3,180,000. Akaweka kando 3,200,000, akalala usingizi mzuri.

Gari lilipofika, hati ya kodi ilisema faranga 5,516,000.

Sitasahau usiku ule. Mjomba alikuja nyumbani kwetu Nyamirambo baada ya sala ya Isha, akaweka ile hati mezani mbele ya mama yangu, asiseme neno. Mama akaniita: “Njoo, wewe unayesoma hesabu. Mtazamie mjomba wako, pengine wamekosea.” Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na nilijiona bingwa. Nilichukua kalamu nikijua kwamba nitavumbua kosa la karani wa forodha. Nilivumbua kosa kweli, lakini halikuwa la karani.

(Tarakimu nimezilainisha kidogo ili zifae kuandikwa ubaoni. Njia yenyewe sikuibadili.)

Swali la kwanza: kwa mia ya nini?

Mwalimu wetu wa hesabu ana desturi moja. Mwanafunzi akisema “ni kumi kwa mia,” yeye humkatiza na kuuliza: “Kwa mia ya nini?” Tulimcheka sana kwa swali hilo. Usiku ule nililielewa.

Maana “25 kwa mia” peke yake si kitu. Ni sawa na kusema “robo.” Robo ya nini? Ya mkate au ya gunia? Kila kodi ina kiwango chake, na kila kiwango kina msingi wake, yaani kile kiasi kinachopigwa kiwango hicho. Mtu akijua viwango vyote kwa moyo lakini hajui misingi yake, hajui kitu. Basi tuitazame misingi hiyo moja moja.

Msingi wa kwanza: thamani ya forodha

Mjomba alidhani kwamba kodi hupigwa juu ya bei aliyomlipa mwuzaji. Sivyo. Forodha hutazama vitu vitatu pamoja: bei ya gari, nauli ya kulisafirisha, na bima ya safari. Jumla yake ndiyo thamani ya forodha, nayo ndiyo mama wa hesabu yote.

Gari la Mjomba lilikuwa hivi:

Bei ya gari: faranga 6,000,000
Nauli: faranga 1,850,000
Bima: faranga 150,000
Thamani ya forodha: faranga 8,000,000

Hati ya mwuzaji ilikuwa kwa fedha ya Ulaya, yaani yuro. Fedha ya kigeni hugeuzwa kuwa faranga kwa kiwango kinachotumika wakati wa kutangaza mzigo forodhani, wala si kwa kiwango cha siku ile uliyotuma fedha. Gari likikaa baharini wiki sita na faranga ikashuka kidogo, thamani ya forodha hupanda, ingawa gari ni lile lile. Mtu mwenye busara huacha nafasi kwa jambo hilo.

Msingi wa pili: ushuru juu ya ushuru

Sasa twaja kwenye moyo wa somo. Nitatumia viwango vilivyotumika Rwanda mwaka 2024.

Ushuru wa forodha kwa motokaa ni 25 kwa mia. Kiwango hiki hatukujipangia peke yetu. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulianza mwaka 2005 kati ya Kenya, Uganda na Tanzania. Rwanda na Burundi ziliingia katika Jumuiya mwaka 2007, na mwaka 2009 zikaanza kutumia ushuru wa pamoja kwa vitu vitokavyo nje. Msingi wake ni thamani ya forodha:

25 kwa mia ya 8,000,000 = 2,000,000

Ushuru wa bidhaa wategemea ukubwa wa injini. Injini hupimwa kwa sentimita za ujazo, zile madereva wanazoziita “sisi.” Injini iliyo chini ya 1,500 hutozwa 5 kwa mia, kati ya 1,500 na 2,500 hutozwa 10, na inayozidi 2,500 hutozwa 15. Gari la Mjomba lilikuwa la 1,800, basi kiwango chake ni 10. Lakini 10 kwa mia ya nini? Si ya 8,000,000. Ni ya thamani ya forodha pamoja na ushuru wa forodha uliokwisha kupigwa:

8,000,000 + 2,000,000 = 10,000,000
10 kwa mia ya 10,000,000 = 1,000,000

Kodi ya ongezeko la thamani, iliyoanza katika nchi yetu mwaka 2001, ni 18 kwa mia. Kwa mia ya nini? Ya vyote vilivyotangulia:

10,000,000 + 1,000,000 = 11,000,000
18 kwa mia ya 11,000,000 = 1,980,000

Jumla ya kodi hizi tatu: 2,000,000 + 1,000,000 + 1,980,000 = 4,980,000.

Waona sasa? Kodi hizi hazisimami bega kwa bega. Zimepandana kama matofali ya ukuta. La pili limelala juu ya la kwanza, na la tatu limelala juu ya yote mawili. Yule dalali aliyahesabu kana kwamba yamepangwa chini, moja kando ya jingine.

Msingi wa tatu: tozo ndogo

Juu ya kodi hizo tatu kuna tozo tatu ambazo watu huzisahau kwa kuwa viwango vyake ni vidogo. Hizi hazipandani, kila moja hurudi kwenye thamani ya forodha peke yake.

Ya kwanza ni kodi ya zuio, 5 kwa mia, kwa mzigo wa biashara unaoletwa na mtu asiye na cheti cha kuonyesha kwamba ametimiza wajibu wake wa kodi. Gari la Mjomba lilikuwa la kazi ya taksi, naye hakuwa na cheti hicho:

5 kwa mia ya 8,000,000 = 400,000

Ya pili ni tozo ya maendeleo ya miundombinu, yaani barabara, madaraja na kadhalika, kwa vitu vitokavyo nje ya Jumuiya. Ilikuwa 1.5 kwa mia:

1.5 kwa mia ya 8,000,000 = 120,000

Ya tatu ni tozo ya Umoja wa Afrika, 0.2 kwa mia. Hii yafaa sisi watu wa Kigali tuikumbuke, kwa sababu wakuu wa Afrika waliikubali hapa hapa mjini kwetu, katika mkutano wao wa Julai mwaka 2016, ili Umoja wetu usitegemee mno fedha za wageni:

0.2 kwa mia ya 8,000,000 = 16,000

Jumla ya tozo ndogo: 400,000 + 120,000 + 16,000 = 536,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Basi tukiunganisha: 4,980,000 + 536,000 = 5,516,000. Ndiyo ile ile iliyoandikwa katika hati. Karani hakukosea hata faranga moja.

Nilipomaliza niliinua uso. Mjomba alikuwa akiitazama kalamu yangu. Aliniuliza taratibu: “Basi mwanangu, nimeibiwa na nani?” Nikajibu, “Hukuibiwa, Mjomba. Ulihesabiwa vibaya.” Mama akanikemea kwa macho, kwa kuwa si adabu kumwambia mkubwa hivyo. Lakini Mjomba hakukasirika. Alisema, “Nionyeshe kosa lilipo.” Nikamwonyesha.

Makosa matatu ya Mjomba

Tofauti kati ya 5,516,000 na 3,180,000 ni faranga 2,336,000. Fedha hizo zilipotelea katika mashimo matatu, nayo yanahesabika.

Shimo la kwanza: aliacha nauli na bima, jumla faranga 2,000,000. Hata kwa kiwango cha dalali cha 53 kwa mia, hapo pekee pana faranga 1,060,000.

Shimo la pili: alijumlisha viwango vinavyopandana. Kodi tatu kubwa zilifika 4,980,000, nayo ni 62.25 kwa mia ya thamani ya forodha, si 53. Tofauti ni 9.25 kwa mia ya 8,000,000, yaani 740,000.

Shimo la tatu: alisahau tozo ndogo, 536,000.

1,060,000 + 740,000 + 536,000 = 2,336,000. Mashimo yote yameonekana, na hesabu imefunga.

Njia ya mkato

Mwanafunzi wa kidato cha pili aweza kuifupisha hesabu hii. Kuongeza 25 kwa mia ni sawa na kuzidisha kwa 1.25. Kuongeza 10 kwa mia ni kuzidisha kwa 1.10, na 18 ni kuzidisha kwa 1.18. Kwa kuwa kodi zapandana, tunazidisha mfululizo:

1.25 × 1.10 × 1.18 = 1.6225

Ondoa 1, ambayo ni gari lenyewe, inabaki 0.6225, yaani 62.25 kwa mia. Ongeza tozo ndogo, 5 + 1.5 + 0.2 = 6.7. Jumla ni 68.95 kwa mia. Sasa piga 68.95 kwa mia ya 8,000,000 nawe utapata 5,516,000 kwa mstari mmoja.

Kwa injini ndogo, chini ya 1,500: 1.25 × 1.05 × 1.18 = 1.54875. Pamoja na tozo ndogo ni 61.575 kwa mia.

Kwa injini kubwa, zaidi ya 2,500: 1.25 × 1.15 × 1.18 = 1.69625. Pamoja na tozo ndogo ni 76.325 kwa mia.

Angalia jambo moja hapa. Ushuru wa bidhaa ukipanda kutoka 5 hadi 10, mtu hudhani mzigo umeongezeka kwa 5. Lakini jumla imepanda kutoka 61.575 hadi 68.95, yaani 7.375. Kiwango cha katikati kikisogea, kinavuta na kilicho juu yake. Ndivyo ilivyo kwa kila kitu kilichopandana.

Gari linazeeka, na thamani je?

Mpaka hapa nimesema kana kwamba bei iliyoandikwa katika hati ya mwuzaji inakubaliwa daima. Kwa Mjomba ilikubaliwa. Si kila mara huwa hivyo, kwa kuwa wako watu wanaopatana na mwuzaji aandike bei ya uongo, ndogo kuliko waliyolipa, ili kodi ipungue. Kwa sababu hiyo ofisi za mapato katika nchi zetu huwa na orodha za thamani za magari, kwa jina la gari, aina yake na mwaka wa kutengenezwa. Bei ya hati ikitiliwa shaka, ofisi hutafuta thamani nyingine.

Njia iliyo ya kawaida ni kuanza na bei ya gari hilo likiwa jipya, kisha kupunguza uchakavu kwa miaka yake. Tuseme, kwa mfano wa darasani tu, kwamba gari jipya lina thamani ya 20,000,000, na kwa umri wake limepoteza 60 kwa mia. Inabaki 40 kwa mia, yaani 8,000,000. Hapo kodi ni ile ile ya Mjomba. Lakini kama orodha ingetoa 9,000,000, kodi ingekuwa 68.95 kwa mia yake, yaani 6,205,500. Faranga milioni moja ya thamani huleta 689,500 ya kodi. Kwa hiyo kabla ya kununua, usitazame hati ya mwuzaji pekee. Uliza pia gari la namna hiyo na mwaka huo hukadiriwa kiasi gani.

Swali la uchakavu limewasumbua hata wakubwa wa dunia. Nchi ya Denmark ilikuwa ikitoza kodi kubwa ya kuandikisha magari. Gari lililotumika likiletwa kutoka nje, kama lilikuwa na umri wa zaidi ya miezi sita, thamani yake ilikadiriwa kuwa 90 kwa mia ya bei ya gari jipya, hata kama lilikuwa limechakaa kiasi gani. Jambo hilo lilipelekwa mbele ya Mahakama ya Jumuiya za Ulaya, na mwaka 1990 mahakama ikaamua kwamba si haki. Maana gari lililotumika ndani ya Denmark liliuzwa likiwa limebeba ndani ya bei yake sehemu tu ya kodi ya zamani, iliyopungua pamoja na gari. Bali lile la kutoka nje lilitozwa karibu kodi yote kama jipya. Mwaka 2001 mahakama hiyo hiyo ilitoa uamuzi wa namna hiyo katika shauri lililotoka Ureno. Funzo ni hili: kodi ya gari kuukuu ikitaka kuwa ya haki, lazima izeeke pamoja na gari.

Lakini kuna fikira nyingine inayokwenda kinyume. Gari likizeeka, thamani yake hushuka, kodi nayo hushuka. Basi watu huvutwa kununua magari makuukuu sana, yenye moshi na yenye hatari barabarani. Jirani zetu wametafuta dawa kila mmoja kwa njia yake. Kenya hairuhusu gari lenye umri unaozidi miaka 8. Uganda ilipiga marufuku mwaka 2018 kuingiza magari yenye miaka 15 au zaidi. Tanzania huruhusu gari la zamani liingie, ila huliongezea ushuru kwa ajili ya uzee wake. Kwetu Rwanda, magari ya umeme mtupu yalipewa msamaha wa kodi mwaka 2021. Na mwaka 2025 magari ya mseto, yanayotumia petroli pamoja na umeme, yaliwekewa ushuru wa bidhaa kwa kufuata umri: 5 kwa mia kwa magari machanga, 10 kwa ya makamo, na 15 kwa yaliyotimiza miaka 8 na kuendelea. Hapo umri umeingia katika hesabu mahali ambapo zamani palikuwa na injini peke yake.

Kuandikisha gari

Kodi ikiisha kulipwa, gari bado halina jina. Huandikishwa na Mamlaka ya Mapato ya Rwanda, iliyoundwa mwaka 1997, nalo hupewa kibao cha nambari kinachoanza kwa herufi RA. Ada ya kuandikisha haipigwi kwa mia ya thamani. Ni kiasi maalumu kilichopangwa kwa daraja la injini. Kwa hiyo magari mawili ya injini sawa, moja jipya na moja kuukuu, hulipa ada moja. Baada ya hapo kuna bima na ukaguzi wa polisi wa barabarani. Yote haya mtu ayaandike katika daftari lake kabla ya kutuma hata faranga moja ng'ambo. Wazee wetu walisema, mali bila daftari huisha bila habari.

Mwisho wa habari ya Mjomba

Gari lilikaa ghalani likingoja, na kila siku ada ya ghala ikaongezeka. Mjomba aliuza pikipiki yake kwa faranga 900,000. Ikimina wakamkopesha 1,000,000. Zilibaki 436,000. Mama alifungua sanduku lake akazitoa, na ndani yake ilikuwamo ada yangu ya muhula wa kwanza. Hakuniuliza, wala sikusema neno. Shule zilipofunguliwa mwezi wa Septemba, wenzangu walikwenda nami nikabaki. Nilingoja siku tisa, mpaka Mjomba alipoanza kazi na kumrudishia Mama sehemu ya kwanza.

Siku ya kumi alinileta shuleni yeye mwenyewe kwa taksi yake. Njiani aliniuliza ile kodi ya zuio, faranga 400,000, kama imepotea. Nilimweleza kwamba haikupotea. Ni malipo ya mbele, na mwisho wa mwaka hupunguzwa katika kodi yake ya mapato, mradi aihifadhi stakabadhi. Alisimamisha gari kando ya njia, akafungua kijisanduku cha mbele, akanionyesha ile hati aliyoikunja ndani ya mfuko wa nailoni. “Ipo,” akasema. Kisha tukaendelea.

Tangu hapo, dereva mwenzake yeyote akitaka kuagiza gari, Mjomba humwambia kwanza alete bei, nauli, bima na ukubwa wa injini. Na mtu akisema “ni 53 kwa mia,” yeye humwuliza: “Kwa mia ya nini?” Mwalimu wetu hajui kwamba swali lake limefika mpaka kituo cha taksi cha Nyamirambo.

Wasomaji wenzangu, viwango nilivyotumia ni vya mwaka 2024, na serikali hubadili viwango mara kwa mara, hasa mwezi wa Juni bajeti zinaposomwa. Kwa hiyo msivikariri kama sala. Karirini njia: kwanza thamani, kisha kodi zinazopandana kwa mpango wake, kisha tozo zinazorudi kwenye msingi, kisha ada ya kuandikisha. Viwango vikibadilika, badilini tarakimu tu.

MASWALI

Tumia viwango vya mwaka 2024 vilivyoelezwa hapo juu, pamoja na tozo zote tatu ndogo.

1. Gari lenye injini ya 1,300 limenunuliwa kwa faranga 4,200,000. Nauli ni 1,700,000 na bima 100,000. Tafuta kodi yote, hatua kwa hatua.

2. Gari lenye injini ya 3,000 lina thamani ya forodha ya faranga 10,000,000. Kodi yote ni kiasi gani kwa njia ya mkato?

3. Mtu amelipa faranga 3,112,500 kwa kodi tatu kubwa peke yake. Injini ya gari lake ni ya 2,000. Thamani ya forodha ilikuwa kiasi gani?

4. Rafiki yako asema: “Kama ushuru wa bidhaa ungepigwa kwanza na ushuru wa forodha baadaye, jumla ya kodi ingebadilika.” Je, ni kweli? Eleza sababu.

MAJIBU

1. Thamani ya forodha 6,000,000. Ushuru wa forodha 1,500,000. Ushuru wa bidhaa 375,000. Kodi ya ongezeko la thamani 1,417,500. Tozo ndogo 402,000. Jumla faranga 3,694,500.

2. 76.325 kwa mia ya 10,000,000, yaani faranga 7,632,500.

3. 3,112,500 ni 62.25 kwa mia ya thamani. Gawanya kwa 0.6225: faranga 5,000,000.

4. Si kweli. 1.25 × 1.10 ni sawa na 1.10 × 1.25. Jumla haibadiliki. Kinachobadilika ni sehemu ya kila ushuru katika jumla hiyo. Aliyejibu hivi bila kutazama hapa anafaa kukaa mezani siku mjomba wake atakapoleta hati.